Mkono wa Nguo Huanzia Kwapani

Kwenye kibanda cha fundi anayetushonea nguo za familia, Tanga mjini, kuna bango lililopigiliwa misumari juu ya cherehani ya pili. Jua limelipausha na kona moja imeliwa na mende. Lina wanawake 12 waliochorwa kuanzia kichwani hadi kiunoni, kila mmoja na mkono wake wa gauni, na chini ya kila mmoja kuna mstari wa ushauri. Mkono uliotuna begani ni wa mwenye mabega membamba. Mkono wa kengele, ule unaofunguka kuanzia kiwikoni, ni wa kuficha mikono minene. Mkono wa robo tatu unaficha viwiko na kuonyesha kifundo. Ule mdogo unaokaa juu ya bega kama kofia, mwenye mabega mapana asiuguse. Na gauni lisilo na mikono kabisa limeachiwa "mwenye mikono mizuri" peke yake.

Nilianza kupelekwa pale kabla sijajua kusoma. Nilipojua, moja ya maandishi ya kwanza niliyoyasoma nje ya darasa yalikuwa hayo, na kabla sijafika darasa la nne nilikuwa nimeshajua niko chini ya mwanamke wa ngapi. Ni wa tano. Mikono minene, avae kengele.

Desemba iliyopita nilikaa chini ya bango hilo karibu saa mbili nzima, nikisubiri zamu, nikalisoma kama ninavyosoma vitabu ninavyotakiwa kuviandikia uhakiki. Nilihesabu. Neno "kuficha" limeandikwa mara 7. "Kupunguza" mara 2. "Kupendeza" limeandikwa mara 1 tu, kwa yule asiye na mikono, yaani kwa yule ambaye ushauri haumhusu. Nikajiuliza ni maandishi gani mengine ambayo yamesomwa na mama yangu, dada zangu na mimi, tukayaamini bila kuyabishia hata siku moja. Leo bango limehamia kwenye simu, lina muziki na dada mwenye fimbo ndogo ya kuonyeshea, lakini sentensi ni zilezile: kama una hiki, ficha kwa kile.

Tulikuwa pale kwa ajili ya sare. Binti wa mjomba alikuwa anaagwa, kamati ya sendofu ilikuwa imechagua kitenge cha zambarau, na kundi la WhatsApp lilikuwa limeshapitisha mshono baada ya siku tatu za kubishana: gauni refu, kiuno kilichokatwa, mikono iliyotuna kutoka begani na kubanwa kwa mkanda mwembamba juu ya kiwiko. Nyumbani kwetu tunaiita mikono ya maandazi. Nilikuwa nimemsindikiza mama mkubwa kupimwa.

Mama mkubwa alifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi la kushoto miaka mitatu iliyopita. Waliondoa titi na tezi za kwapani. Tezi hizo ni sehemu ya njia ambayo maji ya mwilini hupitia yakirudi kutoka mkononi, na zikiondolewa, kwa baadhi ya wagonjwa maji hukwama. Kwake yalikwama. Mkono ulianza kuvimba mwaka mmoja baadaye na haukurudi ulivyokuwa. Aliambiwa aulinde dhidi ya kuungua na kujikata, na usibanwe. Fundi alipozungusha futi kwenye mkono wa kulia alisoma inchi 13. Wa kushoto, inchi 17. Akaziandika zote mbili kwenye daftari bila kusema neno, akachomeka penseli nyuma ya sikio, akalitazama bango.

Mkono wa andazi unabana mahali palepale alipokatazwa kubanwa.

Nitarudi kwa mama mkubwa. Kwanza nataka kulitendea haki bango, kwa sababu uhakiki unaoanza kwa kuchukia kitu aghalabu haukioni. Bango halisemi uongo. Jicho hufuata mstari. Pale mkono wa nguo unapoishia panakuwa na mstari unaokata mkono wa mtu, na jicho husimama hapo na kupima upana wa kilichokatwa. Ukiumalizia mkono wa nguo kwenye sehemu nene ya mkono, unene ndio unaosomwa. Ukishusha mstari hadi chini ya kiwiko, ambako mkono unaanza kupungua, wembamba ndio unaosomwa. Ndiyo maana mkono wa robo tatu unawakubali watu wengi. Ukituna begani, kiuno kitaonekana chembamba kwa kulinganishwa. Haya ni kweli, na mafundi walikuwa wanayajua kabla bango halijachapwa.

Shida yangu na bango ni kwamba wanawake wote 12 wamesimama wima, wametazama mbele, mikono imening'inia. Hakuna aliyenyanyua mkono kushika bomba la daladala. Hakuna anayeteremsha sufuria kabatini, anayembeba mtoto, anayeandika ubaoni. Ni mikono isiyo na kazi. Bango linahakiki nguo kana kwamba imevaliwa na picha.

Jaribu jambo dogo. Vaa gauni lenye mikono, lile unaloliona limekukaa vizuri, simama mbele ya kioo, kisha nyoosha mkono mmoja juu. Kama pindo la gauni limepanda pamoja na mkono, na ubavu mzima umevutwa, tatizo haliko begani unakotazama. Liko kwapani. Wengi wetu tukihisi kubanwa kwapani tunamwambia fundi aongeze tundu la mkono. Fundi wetu, mzee ambaye amekaa kwenye kiti kilekile tangu mama yangu akiwa msichana, huwa anaguna. "Nikilishusha tundu, nguo itakufunga zaidi," ananiambia. Sikumwelewa mpaka aliponionyesha kwa kunikunjia kitambaa mkononi.

Tundu likishuka sana, mkono wa nguo unakuwa umeungwa ubavuni badala ya kuungwa begani. Mkono wa mtu ukinyanyuka, unanyanyua ubavu wa nguo, na ubavu unavuta kiuno, na kiuno kinavuta pindo. Unakuwa kama kuku aliyefungwa bawa. Tundu likiwa juu, karibu na kwapa lenyewe, mkono unazunguka kwenye kiungo chake na nguo inabaki mahali pake. Kwa hiyo tundu dogo lililokatwa vizuri linakupa nafasi kubwa kuliko tundu kubwa. Kila ninapomweleza mtu jambo hili ananitazama kama namdanganya, na mimi nilimtazama mzee hivyohivyo.

Kuna na kichwa cha mkono, yaani ule mlima anaouchora fundi kwa chaki kabla hajakata kipande cha mkono. Mlima ukiwa mrefu, mkono wa nguo unakuwa mwembamba na unaning'inia bila kunjo hata moja ukiwa umesimama. Makoti ya suti hukatwa hivyo. Ukinyanyua mkono, koti lote linalalamika. Mlima ukiwa mfupi, mkono wa nguo unakuwa mpana, unafanya makunyanzi kwapani ukiwa umesimama, lakini unaweza kupanda mnazi nao. Mashati ya kazi hukatwa hivyo. Ule usafi tunaoupenda kwenye picha, mkono usio na kunjo, umenunuliwa kwa uhuru wa kunyanyua mkono. Na makunyanzi tunayoyaona kuwa ni ushoni mbaya mara nyingine ni akiba ya kitambaa inayosubiri mkono unyanyuke. Bango halina nafasi ya kusema hivyo kwa sababu halijui kwamba mikono hunyanyuka.

Lugha yetu ilikuwa inajua. Waliokuwa wakishona kanzu kwa mkono katika pwani hii walikuwa na jina kwa kila kipande. Badani ni kile kipande kikubwa cha mwili. Taharizi ni vile vipande vya ubavuni vinavyoshuka kutoka kwapani hadi chini. Sijafu ni ule upindo wa mwishoni mwa mkono. Na kikwapa, neno ambalo wengi wa rika langu wanalijua kwa maana ya harufu tu, ni kipande kidogo cha kitambaa kinachotiwa chini ya mkono, pale mkono na ubavu vinapokutana. Kipande hicho hakionekani mvaaji akiwa amesimama. Akinyanyua mikono, kinafunguka. Kanzu ya namna hiyo imekatwa kwa mistari iliyonyooka, haina mlima wa chaki, na kwa hesabu za kawaida ingepaswa kumfunga mtu. Kikwapa ndicho kinachomwachia.

Ninaona aibu kidogo kwamba nimesoma miaka mitatu chuoni kuhusu umbo na maudhui, na sikuwahi kufikiria kwamba neno hilo lina umbo ndani yake.

Si pwani yetu tu iliyofikiria kuanzia kwapani. Kuna mkono unaoitwa raglani, ambao hauna mshono begani kabisa. Mshono wake unatoka shingoni na kuteremka kwa mshazari hadi kwapani, kama kwenye fulana nyingi za michezo zenye mikono ya rangi tofauti. Jina limetoka kwa Lord Raglan, jemadari Mwingereza aliyepoteza mkono wake wa kulia katika vita vya Waterloo mwaka 1815. Inasimuliwa kwamba mkono huo ulikatwa kwa ajili yake, ili kuvaa na kuvua koti kusimtese. Sitaapa kwa kila sehemu ya hadithi hiyo, lakini ninaipenda kwa sababu inaanzia penye mwili ulivyo, na leo mkono huo unavaliwa na watoto wanaocheza chandimu wasiojua Waterloo iko wapi. Dera nalo liko upande huu. Halina mkono ulioungwa. Kitambaa kinateremka tu kutoka begani, na hakuna bango lolote nililowahi kuliona likilishauri, labda kwa sababu halina cha kumficha mtu wala cha kumpunguza.

Hata kwenye uwanja wake lenyewe, uwanja wa jicho, bango linashindwa na mfano mmoja tu mashuhuri. Joan Crawford, mwigizaji wa Hollywood, alikuwa na mabega mapana. Kwa sheria ya bango letu, mikono iliyotuna ingekuwa marufuku kwake. Mwaka 1932, katika filamu ya Letty Lynton, mbunifu Adrian alimvalisha gauni jeupe lenye mikono mikubwa ya marinda iliyopanda begani kama mawingu. Hakuyaficha mabega yake, aliyaongeza. Gauni hilo likaigwa na kuuzwa madukani Marekani, likavaliwa na wanawake wenye mabega ya kila namna. Nilipoiona picha yake kwa mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaitazama tena, na tena. Sura yake haiombi radhi. Adrian alikuwa amesoma bango lilelile na kuligeuza juu chini.

Nimetaja marufuku, na lipo bango la pili. Getini pa ofisi nyingi za serikali nchini Tanzania utawakuta watu waliochorwa, wengine wamepigwa alama nyekundu ya kukatazwa, na miongoni mwao daima yuko mwanamke aliyevaa blauzi isiyo na mikono. Kenya nako, Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alitangaza mavazi yasiyoruhusiwa bungeni: suti za Kaunda zikakataliwa, wanaume wakatakiwa mashati ya mikono mirefu, na wanawake wakakatazwa blauzi zisizo na mikono. Vichekesho vya mtandaoni viliishia kwenye suti ya Kaunda kwa sababu rais mwenyewe alikuwa anaipenda. Mimi nilibaki kwenye mkono. Bango la fundi linaniambia nifiche mkono kwa sababu haupendezi. Bango la getini linaniambia niufiche kwa sababu unapendeza kupita kiasi. Mkono ni uleule, na saa ileile nimeutumia kusukuma geti.

Sasa mama mkubwa.

Kwenye kundi la sare jambo lake lilizungumzwa kwa huruma nyingi, na huruma yenyewe ilichosha. Mmoja alipendekeza ashonewe mikono ya kengele. Mwingine akasema aachwe avae dera la rangi hiyohiyo, "yeye ni mtu mzima, ataeleweka." Mwingine akaleta wazo la mtandio wa zambarau wa kujifunika begani hadi kiwikoni. Kila wazo lilikuwa la busara, na kila wazo lilimtoa kwenye mstari. Mimi nami, nikiwa nimejaa hoja zangu dhidi ya bango, nilimwambia pale kibandani, kwa sauti ya mtu anayedhani anakomboa:

"Mama mkubwa, hakuna cha kuficha hapo. Vaa bila mikono kabisa. Huo mkono umekuvusha salama."

Alinitazama muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "nani kakwambia nataka kuficha? Nataka nisitirike."

Niliona haya. Nimetumia saa mbili kuhesabu maneno kwenye bango na sikuona neno ambalo halipo. Kuficha na kusitiri si kitu kimoja, na mtu yeyote aliyelelewa na bibi anajua hivyo kabla hajaweza kueleza. Unaficha ulichoiba, unaficha kosa, unaficha kitu ili asikione mtu. Ukisitiriwa, watu wanaweza kujua kila kitu na bado heshima yako ikawa salama. Ndugu zetu wote wanajua kuhusu mkono wa mama mkubwa, wengine waliukanda wenyewe usiku alipokuwa haulali. Kusitiri ni neno tunalomwombea mgeni asafiri nalo, na ndilo tunalolitumia tunapomlaza maiti kaburini. Hata methali inayosema nguo ya kuazima haisitiri matako haisemi "haifichi", kwa sababu nguo ya kuazima inaweza kufunika vizuri sana. Inachoshindwa ni kukupa heshima, kwa kuwa mwenyewe anaweza kuidai mbele za watu.

Kwa hiyo "vaa bila mikono" yangu ilikuwa bango jingine tu. Ilikuwa inamwambia naye namna ya kuusimamisha mwili wake ili hoja yangu ipendeze.

Na alichokitaka hasa, alikisema alipoanza kukusanya mkoba wake: "Nishonee andazi kama la wenzangu. Nimekaa pembeni miaka mitatu."

Kuna riwaya ya Kikanada ya mwaka 1908, Anne of Green Gables ya L. M. Montgomery, ambayo kwa muda mrefu niliiona ni ya kitoto kwa sababu ya mikono. Anne, yatima aliyelelewa na ndugu wawili wazee, anatamani gauni lenye mikono iliyotuna kuliko karibu kitu chochote. Marilla anaiona mikono hiyo ni upuuzi na upotevu wa kitambaa. Ni Matthew, mzee mwenye haya kupindukia, anayegundua siku moja kwamba msichana wao ana kitu tofauti na wenzake, na anachukua muda kung'amua kwamba ni mikono ya nguo. Anamtafutia gauni kwa ajili ya Krismasi. Niliposoma nikiwa na miaka 15 nilimwona Anne kama msichana wa mitindo. Baada ya siku ile kibandani niliisoma tena, na safari hii niliona kwamba Anne hatamani umbo jembamba, wala hataki kuficha chochote. Mikono iliyotuna ndiyo iliyovaliwa na wasichana wengine wote, na yeye ni yatima aliyefika juzi. Matthew, asiyejua lolote kuhusu nguo, ndiye mhakiki bora wa mavazi kwenye kitabu kizima, kwa sababu hamtazami Anne peke yake. Anamtazama akiwa katikati ya wenzake.

Bango haliwezi kufanya hivyo. Wanawake wake 12 hawajuani. Kila mmoja amefungiwa kwenye kiboksi chake na dosari yake. Ukitaka kuona mkono uliofikiriwa kwa ajili ya watu wengi pamoja, nenda kwenye sherehe Uganda uwatazame kina mama waliovaa gomesi. Simulizi inayojulikana zaidi inasema lilishonwa mwaka 1905 na fundi wa Kigoa aliyeitwa Gomes kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza, ndiyo asili ya jina. Mabega yake yamechongoka juu, mikono ni mifupi, na kiunoni kuna mshipi mpana. Kwa sheria za jicho, mabega yale yangewafaa wachache. Lakini linavaliwa na mnene na mwembamba, bibi na bi harusi mtarajiwa, na sijawahi kusikia yeyote akiulizwa kama linamfaa. Mkono ule hauulizi mwili wako ukoje. Ukiuvaa, umeshakuwa mmoja wa walioalikwa.

Fundi alimwita mama mkubwa arudi baada ya siku nne. Ninaandika alichokifanya kwa kirefu kwa sababu hakuna atakayekipiga picha.

Kwanza alitengeneza paterni mbili, moja ya mkono wa kulia na moja ya mkono wa kushoto, jambo ambalo kwa nguo za kawaida halifanyiki. Andazi la kushoto hakulibana kwa mkanda. Alilishikilia kwa ndani, kwa kipande cha neti ngumu kilichoshonwa begani, ili kitambaa kisimame chenyewe bila kumkaba mtu. Chini aliweka mkanda wa kuonekana tu, mpana kuliko mkono ulivyo, ukining'inia huru. Kwapani alitia kikwapa, kama cha kanzu, chenye umbo la kashata, kikaisogeza mishono yote mbali na kovu. Tundu la mkono akaliacha juu.

Kisha alifanya jambo ambalo bado nalifikiria. Kila mtu, mimi nikiwemo, alikuwa ameshughulika na namna ya kuufanya mkono wa kushoto uonekane mdogo. Fundi aliuacha wa kushoto na kuukuza wa kulia. Aliongeza marinda na neti kwenye mkono ule mzima, inchi 4 za hewa, mpaka maandazi mawili yakalingana. Kama kuna mkono uliovaa uongo siku ile, ulikuwa wa kulia, ambao haujawahi kuumwa.

Nilimuuliza amejifunzia wapi. "Kwapa ni kwapa," akajibu, akaniambia nisogee niache mwanga upite.

Siku ya sendofu mama mkubwa alikaa mstari wa pili. Sitasema kwamba alikuwa mrembo kuliko wote, maana hakuwa, binti wa mjomba alihakikisha hilo. Wakati wa kumtunza binti ulipofika, kina mama waliingia kwa mduara, zambarau tupu, maandazi pande zote kama sinia la futari, na yeye alikuwa ndani. Kuna video ya sekunde 40 hivi. Ananyanyua mkono wa kushoto, ule wenyewe, si juu sana, hadi usawa wa sikio, noti ikiwa imebanwa kati ya vidole viwili. Nimeisimamisha hapo mara nyingi kutazama pindo la gauni. Halijapanda.

Mwezi uliopita amelirudisha kwa fundi. Analipenda, analivaa hata dukani, ila mkono wa kulia unamkera, ni mkubwa mno, unagonga rafu akigeuka. Anataka upunguzwe. Wa kushoto uachwe ulivyo. Nilimkumbusha kwamba akipunguza mmoja haitalingana tena, na akaniuliza kama na mimi nimejiunga kwenye kamati.

Fundi anataka elfu nane kwa kuufumua. Mama mkubwa anasema ni elfu tatu, kitambaa si anakirudisha? Bado hawajaelewana.